Hema Nililolisimamisha Wales

Sparkhill, Birmingham
Jumanne

Kwa dada yangu mpenzi Maisara,

Kabla ya salamu, tangazo. Napenda ukoo mzima ufahamu, wakubwa kwa wadogo, walioko Kikwajuni na walioko Pemba, na wale tusiosemezana nao pia wapelekewe habari, kwamba siku ya Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja na robo jioni, mimi mdogo wako Mkubwa nilisimamisha hema. Lilisimama. Halikuanguka mpaka tulipoliangusha wenyewe.

Sasa salamu. Nakutumia nyingi kuliko kondoo wa Wales, na kondoo wa Wales, dada, sidhani kama hata wenyewe wanajua idadi yao. Goti lako vipi? Yale mafuta aliyokuletea Azizi yamesaidia, au umempa jirani kama kawaida yako? Sisi huku wazima. Wifi yako Shemsa mzima, binti yetu Raisa mzima na mitihani yake imekwisha, mimi mgongo unaniuma kidogo kwa sababu ya ardhi, ambayo Wales wanayo ngumu.

Najua unachokingoja. Jibu la chumba. Umeniambia mara tatu kwamba Rehana anaolewa baada ya Iddi Kubwa, kwamba yeye na mumewe wanakitaka chumba cha marehemu mama, na kwamba huwezi kumpa binti yako kitanda unachokitandika kila Alhamisi miaka yote hii kwa ajili yangu, nitakaporudi nikishastaafu udereva wa basi. Septemba nastaafu. Nikakwambia nitakwenda mahali penye utulivu nikafikiri. Basi nimekwenda, na jibu limo humu humu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunimalizia maneno, tena mara nyingi unayamalizia vizuri kuliko mimi.

Safari ilianzishwa na Hasmukh, yule jirani yetu mzaliwa wa Kisumu. Alisema ni aibu mtu kukaa Birmingham miaka ishirini na sita asifike Wales, na Wales yenyewe ni mwendo wa saa mbili na nusu tu. Mkewe Indu alisema yeye nyumba anayo, akabaki nayo. Hasmukh akaja na begi moja na kiti cha kukunja. Sisi tukaja na mchele kilo kumi, mbuzi ya kukunia nazi, mkeka, birika, mito minne na sufuria la pilau, vyote vimeshindiliwa ndani ya sanduku kubwa la buluu. Tulipofika kambini, Hasmukh alilizunguka lile sanduku mara mbili, akaniuliza, "Bwana Mkubwa, tumekuja kupiga kambi ama wewe unahamia?" Nikamwambia kwetu mgeni haendi mikono mitupu. Akasema mgeni wa nani, na hapa kuna kondoo tu.

Dada, nchi ile ni nzuri, na mimi sikuitegemea. Kambi iko kwenye shamba la bibi mmoja, nje kidogo ya mji mdogo uitwao Rhayader. Vilima vimejipanga kama watu waliosimama kupigwa picha, warefu nyuma, wafupi mbele, na wingu moja limekaa juu yao siku nzima halina haraka. Mto unapita chini, unasikika kabla ya kuonekana. Hewa yake ukiivuta unaona kama umeiiba.

Mambo ya kutazama ni mengi, na mengine usingeamini. Karibu na pale kuna shamba wanalolisha mwewe. Ndiyo, mwewe, wekundu, mamia, na mkia wenye panda. Kwetu mwewe hufukuzwa kwa mawe na matusi kwa ajili ya vifaranga. Kule hutupiwa nyama ya ng'ombe saa tisa alasiri kamili, na watu wanakata tiketi wakae kimya kuwatazama. Nilikwenda nikicheka. Waliposhuka wote kwa pamoja, wakizunguka na kupishana bila hata mmoja kumgusa mwenzake, kicheko kiliniisha. Mimi ni dereva, dada, na ninajua maana ya kupishana. Stratford Road mabasi sita hatupishani hivyo.

Tukakodi baiskeli, tukapita njia ya zamani ya reli kandokando ya maziwa. Shemsa hajapanda baiskeli tangu skuli. Alifunga fundo baibui lake, akatuacha wote, na tulimkuta mbele amekaa juu ya jiwe, anakula tufaha la Hasmukh.

Kitu kingine nilichokistahi ni lugha yao. Kila kibao kina lugha mbili, na Kiwelshi ndicho kinachotangulia. Mjukuu wa yule bibi, mtoto wa miaka minne, nilimsikia akijibizana na bibi yake kwa Kiwelshi kitupu, neno kwa neno, mpaka bibi akashindwa. Nikamtazama Raisa, ambaye mimi humsemesha kwa Kiswahili na yeye hunijibu kwa Kiingereza. Raisa akatazama simu yake.

Sasa nikuhadithie la kibla, ulicheke wewe kwanza kabla hujahadithiwa na mwengine. Jioni ile ya Ijumaa, tulipotaka kusali Alasiri, Shemsa aliniuliza tuelekee wapi. Sikubabaika. Nilifanya kama alivyotufundisha marehemu baba shambani Bumbwini: jua likiinama, liweke mkono wako wa kushoto, kibla kiko usoni kwako. Nikaliweka jua kushoto, nikatandika mkeka, nikasalisha. Alasiri, Magharibi, Isha, na Alfajiri ya Jumamosi. Mbele yetu palikuwa na nyumba ndogo ya bafu na vyoo, lakini sikuona tatizo, maana hata Kikwajuni mbele ya kibla chetu pana banda la Bi Safiyo la kuku. Mama mmoja wa Kizungu alitoka kuoga, taulo kichwani, akatukuta kwenye rukuu, naye akatuinamia kidogo kwa adabu.

Adhuhuri Raisa akaiweka simu yake juu ya mkeka, akaitazama sana. Akaniambia kwa upole, kwa Kiingereza chake, kwamba huku Makka iko kusini mashariki, na sisi tangu jana tunaelekea kaskazini. Nikamwambia simu hizi nazo zina mambo. Akasema, "Baba, nyumbani hukosei hata siku moja." Nikamuuliza nyumbani wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nyumbani," akasema. "Pale kwenye kabati."

Na ni kweli. Hapa Sparkhill kibla nakijua kwa kabati, na msikitini nakijua kwa mistari ya zulia. Miaka ishirini na sita sijapata kukitafuta. Siku niliyokitafuta, nikakipata cha Unguja. Sala zote nne tukazilipa, na Hasmukh, kwenye kiti chake, akasema afadhali mungu wake yeye anapatikana pande zote.

Jumapili asubuhi yule bibi mwenye shamba alitupeleka kutazama bwawa. Wiki nzima kabla ya kufika kwetu ilikuwa imenyesha mvua, na maji yalikuwa yanafurika juu ya ukuta wa mawe, marefu na meupe, yameshuka kama shela la bibi harusi. Bibi akatuambia kwamba chini ya maji yale kuna nyumba, na kanisa, na skuli, na kwamba mama wa bibi yake alizaliwa humo. Zaidi ya miaka mia iliyopita mji wa Birmingham ulikuwa na kiu, basi wakajenga kuta, bonde likajaa, watu wakaondoka. Mpaka leo maji yanakwenda Birmingham yenyewe, kwa mteremko tu, bila pampu, mwendo wa siku moja na nusu. Kwa hivyo chai ninayokunywa ninapokuandikia, kwa hesabu yangu, maji yake niliyaona juzi.

Kisha akaniuliza nimetoka wapi. Unajua swali hili naulizwa kila wiki, na jibu lake ninalo tayari, na kisiwa chake na karafuu zake. Nikafungua mdomo, likatoka neno Birmingham.

Bibi akacheka. "Kumbe ni nyinyi," akasema.

Nami nikamwambia, "Samahani, bibi."

Akaniuliza samahani ya nini. Nikamwambia ya maji. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema maisha yake yote anangoja mtu wa Birmingham aombe radhi, na hakutegemea kwamba atakuwa mimi.

Nilipokaa garini nikajiuliza lile samahani limetoka wapi. Maana kwetu, dada, jirani akiibiwa kuku humpa pole, humuombi radhi. Humuombi radhi ila mwizi awe wa nyumbani kwako.

Basi nisikuzungushe. Lile sanduku la buluu nililolitaja, lililobeba masufuria, ni lile lile ninalokwambia tangu mwaka juzi kwamba liko juu ya kabati, limefungwa, linangoja siku. Kila ukiniuliza nakujibu sanduku tayari. Na lilikuwa tayari kweli, na mapazia ya chumba cha mama ndani yake. Alhamisi tulikosa cha kubebea vyombo. Nikalishusha, nikalimwaga kitandani, wala sikufikiri. Shemsa alinitazama, akayakunja mapazia. Tumerudi, sanduku nimelirudisha juu ya kabati, tupu, linanuka pilau. Jibu sikulipata Wales. Huenda nimekaa nalo miaka, nikaona haya kukwambia kwa sababu ya yale mashuka yako ya kila Alhamisi.

Sirudi kukaa, dada. Nitakuja harusini, inshallah, na nitalala ukumbini kama wageni wengine. Chumba mpe Rehana, na Alhamisi hii kitanda atandike mwenyewe. Usidhani nimesahau kwetu. Ukinifunga macho ukaniweka uwanjani, nitageukia kaskazini kama baba. Lakini sala zangu zinasaliwa pale kwenye kabati. Nisamehe kwa kukungojesha, na ukitaka kunitukana, piga simu jioni, nitakuwa nimetoka kazini.

Azizi anakuja na barua hii pamoja na mapazia. Nisalimie Rehana na huyo mumewe mtarajiwa, na Bi Safiyo na kuku wake, na kaburi la mama ukipita. Shemsa anakukumbatia, na Raisa amekuamkia kwa Kiswahili, shikamoo nzima, bila kulazimishwa.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mkubwa

Nimeshasema kweli moja, acha nimalizie na ya pili. Hema alilisimamisha Shemsa.