Leso Niliyompelekea Mtoto

Jumapili.

Eti sanda! Leo nimeenda Umoja kumwona mtoto wa dada, nikampelekea leso. Shemeji, ambaye siku hizi anajifunza Kifaransa kwa simu, akatupa somo: neno leso lilitoka kwa Wareno, kwao ni kitambaa cha kichwa, Waitaliano wana neno ndugu yake, maana yake shuka, na kwa Wafaransa ni sanda.

Mama mkwe wa dada akaikunja leso yangu, akaificha chini ya kiti. Nilitaka kulia, sitajidanganya.

Kisha mtoto akamtapikia shemeji, profesa wetu, kwenye suti ya kanisani.

"Leteni leso!" akapiga kelele.

"Gani, shemeji?" nikamuuliza. "Ya Kireno, ya Kiitaliano, ama ya Kifaransa?"

Mama mkwe ndiye aliyecheka kwanza. Akainama chini ya kiti, akaitoa yangu, akamfunika mtoto. Shemeji akajifuta na soksi.