Marais Watatu Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Leo mimi ndiye bosi. Mjomba kavunjika mguu, kalazwa, na funguo za karakana kaniachia mimi. Si Mzee Brashi, fundi vanishi aliyekuwa hapa kabla sijazaliwa. Mimi, niliyemaliza shule ya msingi kwa mbinde!
Kazi yenyewe nzito: fremu za picha za marais waliopita, zitundikwe ukumbi wa halmashauri Jumatatu ijayo. Tukishindwa, Mjomba anafunga karakana. Picha nimezipanga ukutani. Hao ndio walimu wangu wa uongozi.

Jumanne, 5 Machi
Somo la kwanza, rais wa kwanza. Bibi yangu anasema yule akikohoa tu, mawaziri wanainuka. Nikakohoa. Hakuna aliyeinuka. Mzee Brashi akaniuliza kama nataka maji.
Nikaamuru mbao zikatwe na fremu ziungwe leo leo. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, mbao hizi bado mbichi. Zianike kwanza." Nikamwambia hapa hakuna mjukuu, kuna bosi. Vijana wa karakana wakacheka. Nikajiona mrefu.

Alhamisi, 7 Machi
Fremu zimepinda. Moja imeachama kwenye kona kama kiatu kibovu.
Nikahamia kwa rais wa pili. Huyo mambo yakimharibikia alifukuza waziri, maisha yakaendelea. Rahisi. Nikatangaza mbele ya wote: kosa ni la Mzee Brashi, vanishi yake nzito mno. Akaosha brashi zake taratibu, akazifunga kwenye kitambaa, akaondoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 8 Machi
Mbao kavu tumezipata kwa jirani anayetengeneza vitanda. Fremu zimenyooka kama rula. Kupaka vanishi sasa — nani? Nimejaribu mwenyewe kwenye kipande. Imetoka kama kamasi.
Mjomba kapiga simu. Nikamwambia mambo shwari. Akasema, "Hebu mpe Mzee simu." Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi msukuma mkokoteni wetu kaleta misumari, kanikuta namkodolea macho rais wa tatu. Akasema huyo akikosana na mtu alimfuata kwake kwa miguu, bila walinzi, akabisha hodi. Nikamwambia huo ni unyonge.
"Haya, wewe mwenye nguvu," akasema, "fremu zilizopakwa vanishi ziko wapi?"
Basi. Naandika haya nikiwa barazani kwa Mzee Brashi. Mkewe kanipima kutoka juu hadi chini, kaingia ndani, katoka tena.
"Babu yako anauliza, aliyekuja ni bosi au mjukuu?"
Nikaanza, "Mwambie, bibi, kwamba..."
"Una mdomo. Mlango uko wazi. Kamwambie mwenyewe." Akarudi jikoni.
Uko wazi kweli. Brashi zimeanikwa dirishani, safi, kama za kazi ya kesho. Au za kuuzwa, sijui. Hotuba yangu nimeitunga njia nzima na hapa nimeipitia tena. Nzuri sana, ina "hata hivyo" za kutosha. Samahani haimo.
Funguo zinanichoma mfukoni.
Huko ndani Mzee amekohoa.
Nimeinuka.