Aliyeiomba Ndoo Radhi

Nyumba Na. 22,
Mtaa wa Hargreave,
Darwen, Lancashire.
15 Machi, 1991

Mpendwa mdogo wangu Winnie,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini wewe na shemeji Stanley hamjambo, na kwamba goti lako limepata nafuu kwa hilo joto lenu la Perth. Mimi ni mzima. Mwandiko wangu unaujua, ni wa kuku aliyekanyaga wino, maana shule niliiacha nina miaka kumi na mitatu nikaingia kiwanda cha pamba, na kalamu ya nyumba yetu ulipewa wewe. Basi soma polepole.

Barua yako ya Krismasi ilifika Januari. Unasema wajukuu wako waliiona ile filamu yetu ya wapaka rangi kwenye televisheni, wakacheka hadi Leanne akapaliwa na maziwa. Unashangaa, kwa kuwa filamu yenyewe ina miaka zaidi ya arobaini, haina rangi, na watoto hawajapata kuiona Uingereza. Unauliza wanacheka nini. Swali hilo umelipeleka kwa mwenyewe.

Kwanza waambie kwamba yule anayetoka juu ya ngazi akatua kwenye ndoo ya gundi ni babu yao Enoch. Uso unaoonekana kabla na baada ni wa yule nyota mwenye mashavu, lakini mgongo ni wangu. Yeye alikuwa hawezi kuanguka hata kitandani.

Sasa jibu. Watu hudhani kinachochekesha ni kule kuanguka. Sivyo. Maskini akianguka njiani watu humwinua, hakuna anayecheka. Lazima aanguke mwenye kofia nzuri: polisi, kasisi, karani wa benki, au fundi anayejiona. Na lazima watazamaji waione ndoo kabla yake. Wakishaiona, wewe tembea taratibu. Geuka, rudi, ikose kwa upana wa kidole. Waache waingojee kama wanavyoingojea birika ichemke. Wakianza kudhani umenusurika, ingia.

Ukishaanguka usijishike kiuno, usigune. Tafuta kofia, ivae, kisha iombe ndoo radhi. Hilo la kuomba radhi nililibuni mimi, Winnie, asije mtu akalidai. Mwongozaji hakuniambia. Niliinuka na gundi masikioni nikaiambia ndoo, "Samahani sana, sikukuona," kama vile ningemwambia mama wa watu kwenye foleni ya mkate. Mpiga picha alicheka hadi kamera ikatikisika, ikabidi turudie. Tulirudia mara tisa, na mara zote tisa niliangukia palepale. Nenda kamtafute mwingine wa hivyo.

Huku kwetu, unajua, mtu akikukanyaga mguu wewe ndiye unayemwomba radhi. Mama yetu alikuwa akiuomba radhi mlango. Ndiyo maana watu wa Darwen walicheka, walijiona wenyewe. Na wajukuu wako wanacheka kwa sababu wewe na Stanley mlipopanda meli mliibeba tabia hiyo pamoja na masanduku. Wa siku hizi wanaangusha magari na maghorofa. Gari halina haya. Mtu aliyejipamba anayo, na haya yake haizeeki.

Hayo yamekwisha. Sasa habari za nyumbani, nizitangulize mimi kabla Maureen hajakuandikia.

Binti yangu huyo anataka nihamie kwake Blackburn, kwenye chumba cha nyuma ya jikoni ambacho dirisha lake linatazama mapipa ya taka. Anasema ngazi za nyumba hii zitaniua. Humu nimeishi miaka hamsini na miwili. Marehemu mke wangu Nellie alikata roho chumba cha juu, akiwa ameshika kidole changu, na nilikuwa nimeazimia kuendelea kulala humo mpaka zamu yangu. Maureen alipoona sisikii akaita halmashauri, nao wakamleta mama mmoja anaitwa Bi Haworth, ana fomu ya kurasa sita.

"Bwana Kershaw," akaniuliza, "umeanguka mara ngapi tangu mwaka jana?"

"Tangu mwaka jana sijaajiriwa."

"Nauliza hapa nyumbani, babu."

"Mama, mimi nimeanguka mara elfu nne. Kwenye ngazi, kwenye farasi, mtoni, na paa la kanisa. Sijavunja kitu ila jino. Andika hilo."

"Hapa pana nafasi ya tarakimu mbili tu," akasema.

Nikampandia ngazi na kumshukia, mikono mfukoni. Akanywa chai yangu, akasema yeye havutiwi na michezo. Angerudi Alhamisi ya wiki iliyofuata achukue jibu la kweli. Kama sijaanguka, nibaki kama nilivyo. Kama nimeanguka, ataandika kwamba nyumba hii hainifai tena, isipokuwa nikubali kuachana na ghorofa.

Sasa, Winnie, kuna jambo nililokuwa sijamwambia mtu. Mwezi wa Novemba, Jumanne moja mchana, nilianguka. Sikuwa nikicheza. Nilikuwa nashuka, na mguu wa kushoto haukuwepo nilipouhitaji. Nikavipita vidato saba nikaishia kwenye stendi ya makoti, nayo ikanilalia. Pale pale nikasikia ufunguo mlangoni, ni Maureen na mkate. Nilitaka kusema kitu, na kinywa kikatoa kile kilichozoea kutoa. Nikaiambia stendi, "Samahani sana, sikukuona."

Maureen alicheka hadi akakaa kwenye kidato. "Baba wewe," akasema, "na umri huo. Una wazimu." Akanipita kwenda jikoni kutenga maji ya chai, bado anacheka. Mimi nilibaki chini ya makoti nikisubiri kiuno kirudi mahali pake. Simlaumu. Katika nyumba hii mimi nikianguka watu wamecheka tangu yeye yuko kwenye nepi. Nilitoka pale kwa magoti, nikanywa ile chai nimesimama kwa kuwa kukaa sikuweza, na nikamwacha aamini alichoamini. Miezi minne.

Jumamosi iliyopita wakaionyesha filamu ile huku nako. Maureen akaja na pai ya nyama, tukaketi kuitazama. Pale pa ndoo akacheka kama kawaida, kisha akaacha katikati.

"Baba, mkono."

"Mkono gani?"

"Wako. Unapiga sakafu kabla hujatua. Ulinifundisha kwenye godoro nilipokuwa mdogo. Ulisema mkono ndio unaopiga kelele, mwili unakuja kimya."

"Hilo kila mpumbavu analijua."

"Siku ile ya stendi ya makoti nilikuwa hapo nje mlangoni. Nilisikia mwili. Mkono sikuusikia."

Nikamwambia pai inapoa. Akasema iache ipoe.

"Nilikupita ukiwa chini, Baba. Nikaenda kutenga chai, nacheka."

"Na chai ilikuwa nzuri," nikamwambia.

Hakulia, wala mimi sikulia. Televisheni iliendelea peke yake. Baadaye akasema kwamba Alhamisi hatafungua mdomo, maana nyumba ni yangu na mwili ni wangu, ila yeye hatacheka tena bila kuuliza kwanza. Nikamwambia hiyo si namna ya kutazama vichekesho. Akasema anajua.

Jana Bi Haworth akaja. Maureen alikaa karibu na dirisha, mikono mapajani, akatazama nje kama mtu anayehesabu mvua. Nilimsubiri aseme. Wewe unamjua, tangu utotoni hajaweza kunyamaza hata kanisani. Hakusema. Yule mama akafungua fomu yake akauliza tena, mara ngapi.

Ningeweza kumwambia hakuna, na angeandika hakuna, kwa kuwa nilimpandia ngazi mbele ya macho yake. Nikamwambia moja.

"Uliumia?"

"Niliumia."

Akaandika. Tarakimu moja ilimtosha.

Nikakubali kuachana na ghorofa, kwa hiyo Blackburn siendi. Kitanda changu kilishushwa jana ileile sebuleni, chini ya picha ya harusi. Nilikataa wasinisaidie godoro, nikalisukuma mwenyewe likateremka ngazi zote bila kugusa ukuta, na watu wa halmashauri aliokuja nao Bi Haworth wakasema hawajapata kuona kitu kama hicho. Choo cha uani kinawekewa taa na kishikio. Mlango wa chumba cha juu umefungwa na ufunguo anao Maureen. Jana alasiri nilimwomba anipandie anifunguie dirisha, Nellie hakupenda chumba chenye hewa nzito. Akapanda akafungua. Atafungua kila Jumapili.

Maureen yuko hapa wiki hii nzima. Leo asubuhi nimeangusha sufuria jikoni, sufuria tupu. Amekuja mbio mikono ina sabuni, uso mweupe, akanitazama miguu kwanza. Nilikuwa nimesimama wima. Nikaiomba sufuria radhi. Akauliza, "Hiyo ni ya kweli au ya kazi?" Nikamwambia ya kazi. Ndipo akacheka, kidogo, ameshika mlango.

Tutakuwa tukiishi hivyo sasa, yeye akiuliza na mimi nikijibu kweli.

Msalimie sana shemeji Stanley, na mwanenu Raymond na mkewe. Leanne na Craig wapelekee salamu za babu yao, na uwaonye wasinywe maziwa wakati wa kutazama. Maureen anakusalimu, anasema ataandika, nami nimekwisha kumwahi. Mungu awatunze huko jua linakowaka, awape miguu inayofika inapoagizwa.

Ni mimi kaka yako akupendaye, wa chini na si wa juu tena,

Enoch Kershaw