Supu ya Barjas

Dada yangu Wasmia,

Salamu nyingi kutoka Kuwait. Joto limeua mnanaa wangu wote, na mama anasema upige simu, kwani Amman umeolewa, hukuzikwa.

Najua umeshasikia kwamba nimeachika. Sasa nisikie mimi. Mume wangu Barjas alianza kuusukuma kando wali wangu, akakonda, nguo zikampwaya. Nawe ndiye uliyeniambia, mume asiyekula nyumbani ana mke wa pili anayempikia. Nikamfuata barazani, kwenye chumba chake cha wageni, mbele ya wanaume wenzake: "Huyo mpishi wako ana nini nisicho nacho? Nipe talaka yangu!" Akanipa palepale.

Baadaye nikafungua friji ya baraza. Nyuma ya maziwa kulikuwa na sindano za kupunguza unene. Kumbe dawa ndiyo iliyokuwa ikimtia kichefuchefu, naye akaona haya kusema, maana mimi niliwahi kumwita gunia la mchele mbele ya wageni.

Mfamasia ameniambia kichefuchefu hicho hutulizwa kwa kula kidogo kidogo, bila mafuta mengi, kunywa maji, na kumweleza daktari. Mimi nilikuwa nikimpakulia samli!

Eda yangu inakwisha Alhamisi. Mpaka hapo anaweza kunirejea. Analala barazani, na kila adhuhuri namwachia supu nyepesi mlangoni. Leo, hatimaye, ameinywa. Bakuli limerudi limeoshwa vizuri, na ndani ameweka tende, kama mtu anavyorudisha bakuli la jirani.

Mdogo wako,
Lulwa