Vanishi ya Mtumbwi wa Magesa

Nyakato, Jumamosi, 1985

Nimechoka, na mikono bado inanuka petroli. Thina ya kuzimulia vanishi haipatikani madukani hapa Musoma, kwa hiyo juzi niliizimua kwa petroli. Ule mfano mdogo wa mtumbwi wa marehemu kaka Magesa, niliowachongea wanawe, ukaota ukungu mweupe, hata jina lake nililoandika ubavuni halisomeki.

Leo fundi magari mmoja amenigawia thina kidogo. Nikasugua ukungu taratibu, nikachanganya vanishi hadi ikawa nyepesi, nikaunga bomba la kupulizia kwenye tairi lililojaa upepo. Nikapuliza tabaka jembamba, nikangoja, nikapuliza tena. Mtumbwi ukang'aa.

Shemeji, mjane wa kaka, akafika kutoka Kibara kabla haujakauka. Ziwa halijaurudisha mwili wa mumewe mpaka leo, na watoto hawana kaburi la kuangalia.

"Subiri shemeji, usiguse," nikamwambia.

"Alikuwaga anakaa hapa nyuma," akasema, akaweka kidole pale pale.

Alama ya kidole chake imebaki kwenye vanishi. Thina ilikuwepo, ningeweza kuisugua na kupuliza upya.

Nikafunika kopo la thina.