Mtamba wa Shangazi Magdalena

Shelui, Iramba,
Singida.
14 Machi 2004

Mpendwa Baba Mdogo Samweli,

Shikamoo. Habari za Morogoro? Kifua cha Mama Mdogo kimetulia? Huku miili yetu ni mizima. Mvua imenyesha vizuri, mtama umeshapita kiuno. Mama anakusalimu sana. Basi la kutoka Dodoma likisimama, huchungulia kama umeshuka.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Mtamba wa dada yako, Shangazi Magdalena, amekufa, na mimi ndiye niliyesababisha.

Ulipotuletea zile mbegu za ng'ombe wa Ubelgiji, ulitukalisha ukatueleza. Ndama wote watakaozaliwa watarithi kwa baba tu ile hitilafu inayolegeza breki ya kukua kwa minofu, kwa hiyo watajaa minofu kidogo, basi. Ila tusiwapandishe wao kwa wao, maana ndama akiipata kwa baba na kwa mama pia, breki ya minofu inaachia kabisa, na ng'ombe wetu wana nyonga ndogo. Niliitikia ndiyo, Baba Mdogo. Nilielewa vizuri.

Halafu wafanyabiashara wa mnadani wakaanza kushuka hapa. Walimwona dume wetu aliyezaliwa kwa mbegu zile, wakampigapiga mapaja, wakanisifu. Nikapata tamaa. Nikataka ndama kama yule wa kwenye picha yako, mwenye makalio yaliyogawanyika kwa minofu. Shangazi aliponiuliza ampandishe mtamba wake kwa dume gani, nilimwambia, "Mlete kwetu, Shangazi. Utanishukuru." Na mtamba yule alizaliwa kwa mbegu zilezile.

Siku ya kuzaa alihangaika tangu alfajiri. Miguu ya ndama ilitoka, mabega yakakwama. Bwana mifugo alikuwa Kiomboi. Alipofika akampasua ubavuni, ndama akatoka hai. Mama yake hakusimama tena. Shangazi alikuwa amempakata kichwa. Akaniuliza, "Mathayo, hivi haya hutokea tu?"

Nikamjibu, "Hutokea, Shangazi."

Jibu hilo linaniumiza kuliko kifo chenyewe.

Ndama ni dume, amejaa minofu mpaka watu wanakuja kumtazama na kunipongeza. Ulimi wake ni mnene, hawezi kunyonya vizuri. Shangazi hukaa chini vumbini akimnywesha kwa chupa. Jumapili, tulipotoka ibadani, jirani mmoja aliniita mtaalamu mbele yake. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Shangazi yote palepale, watu wakisikia.

Akaniuliza, "Samweli alikukataza?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi ukaniambia hutokea."

Akaondoka peke yake.

Yule dume wetu tumemhasi. Nimempelekea Shangazi ng'ombe wangu anayekamuliwa. Amempokea kwa ajili ya ndama, si kwa ajili yangu; alisema hivyo wazi. Kila asubuhi naenda kumkamulia. Ananiwekea kibuyu mlangoni, na hatoki mpaka niwe nimeondoka.

Sikuombi unitetee. Naomba umwandikie umpe pole, na jina langu usilitaje. Mimi nitaendelea kwenda, hata asipotoka.

Msalimie Mama Mdogo Agripina, pamoja na Calist na Rahabu. Mungu aijalie nyumba yenu afya na amani.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ingawa nimekuaibisha,

Mathayo