Leseni Haikutaja Sauti Zenu

Morogoro Mjini

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji Yunusi naye mzima, ingawa najua bado anakoroma. Mimi sijambo, nimenenepa, na hapa kibandani kwangu ninapotengeneza simu wateja wananiita Injinia. Usicheke. Kidato cha pili nilikiacha mimi, lakini kinachojuta ni chenyewe.

Naandika kwa karatasi kwa sababu ya yaliyotaka kutupata. Shusha pumzi kwanza: sauti zenu zote ziko salama.

Ile programu niliyowawekea kikundi chenu cha viungo hapo Mkuyuni, ya kuisemea simu mzigo mlio nao nyumbani ili kikundi kijue cha kuuza, ni programu huria. Walioiandika wameigawa bure kwa leseni: ichukue, ibadilishe, ila na wewe usimnyime mwenzako. Mimi niliitia Kiswahili na picha ya pilipili manga, ndiyo maana inapendeza.

Tatizo ni nyinyi wanawake wa milimani. Simu inauliza una kilo ngapi, mtu angetaja namba akanyamaza. Wapi! Mnaisalimia kwanza, mnaiuliza na habari za watoto. Mama Chausiku kaieleza kwamba pilipili yake ataiachia kwa bei yoyote, maana mwali wake anatolewa ndani mwezi huu na mchele wa ngoma hana. Yote hayo yamo humo, na yanatunzwa kwenye kompyuta yangu hapa kibandani.

Basi akaja Abdulswamad, yule mnunuzi mkubwa wa viungo, na leseni kaichapisha, Kiingereza kitupu. Akasema mimi mwenyewe nimetangaza kwamba kila kitu changu kiko wazi, kwa hiyo nimpe programu pamoja na sauti, la sivyo nimevunja leseni na atanishtaki. Nikamjibu kwamba hata kipara chake kiko wazi lakini hakuna aliyekiomba. Watu walicheka, ila dada, mimi nilimwomba aniachie ile karatasi kwanza. Angejua nani ana shida gani, angemfuata huyo huyo na kumkaba bei. Na Kiingereza nakijua sana, ila chenyewe hakinijui.

Nikampelekea Shamimu, mwanafunzi wa chuo ambaye kioo cha simu yake hupasuka kila mara. Nadhani anakipasua makusudi ili anione. Aliisoma yote akasema inazungumzia programu tu, ya sauti za watu haisemi neno. Nikaruka! Kisha nikamwambia tuongeze mstari humo, umkataze kila mtu kuchukua sauti. Akakataa. Akasema leseni hiyo hairuhusu kuongezewa makatazo, na hata ingeruhusu, walioiandika hawamjui Mama Chausiku, na mimi si mwenye sauti. Wa kuamua ni waliosema. Nilibisha, unanijua, mimi nabisha hata na redio. Lakini nikaelewa: sufuria kubwa la kikundi mnaazimana wote, ila anayekuja kuliazima habebi na pilau ya mwenzake.

Abdulswamad aliporudi nikampa programu yote. Sauti nikamwambia akaziombe kwenu, mmoja mmoja, na aitikie salamu zote mpaka mwisho. Akaangalia saa, akaondoka. Hajarudi tena.

Sasa hili ni lako peke yako, lisome ukiwa ndani. Nilipokuwa nakagua kama sauti zimefungwa vizuri, nilifungua moja bila kuangalia jina. Ilikuwa yako. Ulikuwa unaiambia simu kwamba msimu huu hutabeba mzigo kwenda gulioni, una mimba, na baada ya zile mbili zilizoharibika hujathubutu kumwambia hata Yunusi. Nikazima hapo hapo. Machozi yalinitoka, na ukimwambia mtu nitakataa.

Sijamwambia yeyote. Ila mjomba ni mimi, na kwetu Waluguru mjomba ana kauli. Kauli yangu ya kwanza: usiinue hata ndoo ya maji. Sauti yako sikuifuta, kwa kuwa si yangu. Nimeweka kitufe chekundu, kila mwenye sauti afute yake. Kibonyeze. Au kiache, mtoto akikua asikie alivyotajwa mara ya kwanza, katikati ya kilo za mdalasini.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia wasalimie, waone haya.

Ni mimi mdogo wako, mjomba mtu,
Pazi